Chupa za Maziwa ya Malkia

Kwa Eunike, juu kidogo ya Nkoaranga, simu hushika mtandao mahali pamoja tu: nyuma ya banda la ng'ombe, karibu na mgomba ulioegemezwa kwa mti. Ukisogea hatua tatu kuelekea mlangoni, imekufa. Ndiyo maana usiku ule aligeuza ndoo ya pumba, akaikalia, akajitanda khanga mbili juu ya sweta la marehemu mumewe, akasubiri.

Ujumbe ulikuwa umeingia jioni, giza likianza kushuka kwenye mibuni. "Mama mtoto kapimwa leo. Ntakupigia." Maneno yakaishia hapo. Vaileth, kitinda mimba wake, hakuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa mtu wa kukueleza hata mboga ilivyoungua na nani alikuwa anapita wakati inaungua. Eunike alipiga mara tisa, simu haikupatikana. Mara ya kumi aliogopa kumaliza chaji, akaacha.

Ndani ya banda Malkia alicheua polepole, na ndama wake alilala amejikunja pembeni. Ndama yule na mjukuu walizaliwa wiki moja. Siku ile Eunike alicheka, akawaambia wenzake wa kwaya kwamba mwaka huu amepata wajukuu wawili, mmoja ana mkia. Sasa ndama alikuwa amejaa, anarukaruka mpaka anavunja fito za banda. Resiato, mjukuu mwenyewe, alikuwa na wiki saba na shingo kama ya kifaranga.

Saa tisa usiku simu ilitetemeka mapajani.

"Mama." Vaileth alinong'ona. "Umelala?"

"Nilale wapi? Sema."

"Uzito umeshuka tena. Kwenye kadi ametoka kwenye kijani, yuko kwenye kijivu. Nesi ameniambia nirudi kwake tuongee, ila kulikuwa na foleni, na wale shangazi zake Lekishon walikuwa nyuma yangu." Sauti ikazidi kushuka. "Mama, wanasema nimembemenda."

Eunike alishika mgomba.

"Nani kasema?"

"Shangazi mkubwa ndiye kasema. Mama Lekishon hakusema kitu. Ameangalia chini tu. Nimeingia ndani nimefunga mlango, na simfungulii mtu. Hata wewe usije."

"Vaileth, yale maziwa..."

Simu ikakatika. Sijui ilikuwa chaji, sijui ilikuwa hasira. Alipopiga tena, haikupatikana.

Huku kwetu neno lile mtu mzima haelezwi. Mtoto mchanga akikonda, watu husema wazazi wamerudiana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje, na jambo hilo limemfikia mtoto. Lekishon, mume wa Vaileth, ni mpagazi, anabebea wageni mizigo mlimani, siku sita hayupo, siku mbili yupo. Mtu kama huyo ni rahisi kumsema, na mkewe ni rahisi zaidi.

Eunike alilijua neno hilo kwa sababu alishavishwa. Miaka ishirini na sita nyuma, kati ya Godbless na Brayson, alizaa mtoto wa kiume, Elirehema. Mumewe alikuwa kwenye kibarua cha barabara kule Momela, anarudi mwisho wa mwezi. Mtoto alianza vizuri, kisha akakonda, akaharisha, akafa ana miezi mitano. Kwenye msiba ule mama mkwe wake hakumlaani wala hakumtukana. Aliacha tu kupokea chakula kutoka mkononi mwake, na hilo likaendelea miaka minne. Eunike hakujitetea, maana hakuwa na cha kujitetea nacho. Alijua hakufanya walilosema, lakini mtoto alikuwa amekufa, na kifo kinahitaji sababu. Akaibeba.

Na mtoto yule, kabla hajafa, alikuwa akilia sana usiku, na Eunike akawa anamkorogea maziwa ya ng'ombe kwa maji ya moto, nusu kwa nusu, ili tumbo litulie. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha. Alifanya hivyo kwa Godbless, akakua. Akafanya kwa Brayson, akakua. Kwa hiyo maziwa hayakuwahi kusimamishwa kizimbani. Mpaka usiku huu, pale juu ya ndoo, ndipo yalipomjia kwa mara ya kwanza, na yalipomjia hayakuondoka.

Maana maziwa ya Resiato yalikuwa ya Malkia.

Kwa akina Lekishon, kule Terrat, mzazi wa uzao wa kwanza hutunzwa na mama mkwe. Eunike hakuwa na nafasi ya kumkanda mwanawe wala kumpikia mtori. Alikaribishwa kama mgeni, akapewa chai, akaaga. Lakini mama ni mama. Vaileth alipomwambia kwamba mtoto analia kila saa na maziwa yake anayaona mepesi kama maji ya kuoshea mchele, Eunike akapata kazi. Kila Jumamosi alishuka na ndizi mshare, na chini ya ndizi chupa tatu za plastiki zimefungwa kwenye kitambaa. Jumanne alimpa mama mmoja wa mboga ampelekee nyingine tatu. "Mpe kabla ya titi," alimwagiza mwanawe, "atulie kwanza. Na mama mkwe wako asijue, atasema tunaidharau supu yake." Vaileth akawa anazificha kwenye beseni la nguo.

Mtoto alitulia kweli. Alilala sana. Na titi likaanza kulegea.

Si kwamba Eunike hakuuliza watu. Aliuliza mpaka akachoka. Kijana wa duka la dawa alimuuzia kopo la maziwa ya unga, akamwambia akiongeza maji kidogo litafika mwisho wa mwezi. Esther wa kwaya alisema karanga mbichi na togwa. Brayson alimtumia kwenye simu sauti ya mwanamke mwenye maneno matamu, anauza unga wa kuongeza maziwa, kopo halina hata karatasi, na ukimuuliza swali anakujibu "amini tu, mpenzi." Kila mtu alikuwa na jibu, tena la haraka. Eunike aliyabeba yote Terrat kama mtu anayebeba kuni za watu wengi kwa kamba moja, na mtoto akaendelea kukonda.

Mtu mmoja hakumuuliza. Nesi Sabina, mkunga mstaafu, anakaa juu ya njia, na ndiye mteja wake wa maziwa kila asubuhi. Alhamisi huwakusanya wazazi wapya nyuma ya kanisa, wanakaa kwenye mikeka na watoto wao. Siku moja Eunike alipita pale na wenzake, akacheka, "Siku hizi kunyonyesha nako kuna darasa? Mbuzi alisoma wapi?" Walicheka wote. Baada ya hapo angemwendeaje?

Kulipopambazuka, Sabina alishuka na kigaloni chake, akamkuta bado amekaa juu ya ndoo.

"Mama Godbless. Umeamka hapo au umelala hapo?"

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Nimeuliza."

Eunike aliinuka, magoti yakalia, akamfungulia ndama. Ndama akaenda mbio, akapiga kiwele kwa kichwa, akanyonya mpaka povu likatoka mdomoni. Malkia akatulia, akashusha maziwa. Ndipo Eunike akamvuta ndama pembeni, akaanza kukamua.

"Kwa nini unamtanguliza?" Sabina aliuliza.

"Nesi nawe. Asipotangulia ndama, huyu hashushi."

"Na ukimshibisha ndama kwa uji kwanza?"

"Atanyonya kwa njaa ipi? Atachezea tu. Na mama yake wiki mbili amekau..."

Mikono ya Eunike ilisimama. Maziwa yaliyokuwa njiani yaligonga ndoo mara moja, kisha kimya.

Sabina hakujua alichokuwa amekigusa. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mahindi. Lakini alipomwona mwenzake ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, mabega yanatikisika, aliweka kigaloni chini, akachuchumaa.

"Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Sema."

Eunike akasema yote. Chupa, beseni la nguo, kadi, lile neno, mlango uliofungwa. Alipofika kwa Elirehema alishindwa, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Alikufa kwa ajili ya maziwa yangu, nesi?"

Sabina alimshika mkono.

"Sijui."

"Wewe ni nesi."

"Ndiyo maana nasema sijui. Sikumwona mtoto yule, sikumpima. Watoto wa wakati ule walikufa kwa mambo mengi, na maji ya chupa chafu yalikuwa mojawapo. Siwezi kukudanganya ili ulale, wala siwezi kukutwisha mzigo nisioujua." Alisimama, akashika kiuno. "Huyu wa sasa naye simjui. Anakojoa mara ngapi kwa siku? Analia kwa nguvu au kwa kulegea? Akishika titi anakamata nini, chuchu tu, au anajaza kinywa kizima?"

Katika wiki saba ambazo Eunike alibeba ushauri wa mji mzima, hakuna aliyekuwa amemuuliza maswali hayo, na yeye mwenyewe hakuwa ameangalia.

"Twende," Sabina alisema. "Kama amelegea tunampeleka hospitali leo leo, hakuna habari ya darasa. Kama ana nguvu, tunaanza na titi."

"Ulisikia siku ile niliposema mbuzi..."

"Nilisikia. Mbuzi hakusoma, lakini mbuzi hana shangazi wa mume. Kamua umalize, ng'ombe anaumia."

Walishuka. Eunike alitaka kuchukua ndizi, mkono ukaenda wenyewe kwenye kile kitambaa cha chupa, kisha akakiacha kimetundikwa kwenye msumari. Kwenye daladala, kutoka Usa mpaka mjini, na kutoka mjini mpaka Terrat, alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalikuwa na kasoro ile ile: yote yalianza na "nilidhani".

Nyumba ya mama Lekishon iko nyuma ya mashine ya kusaga. Jina lake Nosim, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria ya supu ya mbuzi yenye mizizi, na kando yake shangazi mkubwa amekaa kwenye kigoda, hana kazi. Kibanda cha Vaileth kilikuwa upande wa pili wa uwanja, mlango wa bati, na mbele yake bakuli la supu limefunikwa kwa sahani. Supu ilikuwa imeganda mafuta.

"Ya jana," Nosim alisema baada ya salamu, kama mtu anayejitetea. "Hajafungua. Nasikia mtoto analia, kisha simsikii, kisha analia. Lekishon anashuka mlimani keshokutwa. Nimemwambia, yeyo, mama yangu, fungua, hata kama hutaki kuniona mimi. Hataki." Akamtazama Eunike mikononi. "Leo hukuja na ndizi? Nilidhani mnataka huyu mtoto wetu aote mgomba."

"Anayeota mgomba atanona," shangazi alidakia. "Huyu aliyefanyiwa mambo hanoni."

Hapo ndipo alipotakiwa kuchagua. Eunike angeweza kunyamaza. Angekaa, apewe chai, Sabina aongee kitaalamu, na lile neno lingebaki mahali lilipo, juu ya kichwa cha Vaileth, lizeeke naye kama lilivyozeeka juu ya kichwa chake mwenyewe. Hakuna mtu pale aliyejua habari za chupa ila yeye, Sabina na binti aliye nyuma ya mlango. Na binti hakuwa amemtaja mama yake. Tangu jana anasemwa, na hakuwa amemtaja.

Eunike alivuka uwanja, akasimama mbele ya mlango wa bati. Alitaka kuongea kwa sauti ya chini, lakini shangazi asingesikia. Akapaza.

"Vaileth, ni mimi. Usifungue, sikiliza tu. Mama Lekishon na wewe shangazi, sikilizeni. Mtoto hakubemendwa. Mimi ndiye niliyekuwa naleta maziwa ya ng'ombe, chupa tatu Jumanne, tatu Jumamosi, chini ya ndizi. Nimemwagiza amshibishe mtoto kabla ya titi, na amfiche mkwe wake. Mtoto akishiba hanyonyi, asiponyonya titi linakauka. Nina ng'ombe miaka thelathini, hilo nalijua kwa ng'ombe. Kwa mwanangu sikuliona."

Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Nosim aliinuka na mwiko mkononi.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nachemsha supu mzazi ajae, na wewe unamkausha kwa chupa."

"Ndiyo."

"Nyumbani kwangu. Chini ya ndizi nilizokuwa nazisifu."

"Ndiyo, mama Lekishon."

"Na juzi ulikunywa chai yangu."

"Nilikunywa."

Nosim alimgeukia shangazi, na hasira iliyokuwa inatafuta mahali pa kutua ikatua huko. "Na wewe na mdomo wako! Mbele ya foleni nzima ya kliniki!" Kisha akakaa chini, juu ya udongo, ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba. "Na mimi niliangalia chini," alisema.

Eunike aliweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa limeanza kupata joto la jua.

"Kuna jingine. Kabla ya Brayson nilimzaa Elirehema. Mlisikia alikufa, hamkusikia walichosema. Waliniambia neno hili hili. Nimekaa nalo. Jana usiku uliponiambia, ningeweza kukwambia pale pale, nikakawia kulitafuta neno. Sikujua nianzie wapi, mwanangu, simu ikakatika."

Ndani kitanda kikalia, na miguu mitupu ikaja mpaka karibu na mlango.

"Uko na nani?" Sauti ya Vaileth ilikuwa imekauka.

"Na nesi Sabina, wa kule nyumbani."

"Anasemaje?"

Sabina alisogea. "Shikamoo hujanipa, mwanangu, lakini nasamehe. Sijasema kitu. Sijamwona mtoto."

"Hutasema nimefanya nini?"

"Nitamwangalia akinyonya. Basi. Nikiona hatari nitakwambia twende hospitali, na nitakwenda nawe, na foleni nitakaa mimi. Hivi sasa amekojoa?"

"Amekojoa. Saa ile ya alfajiri, na sasa hivi tena."

"Vizuri. Analia?"

Kama aliyesikia anaulizwa, Resiato alianza. Kilikuwa kilio chembamba, lakini chenye ghadhabu. Sabina aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio mbovu, uso wake ukalegea kidogo.

Komeo likavutwa. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, jicho moja likatokea, jekundu, nywele hazijachanwa. Lilimtazama Sabina, likapita kwa Nosim pale chini, likamfikia Eunike likakaa. Eunike alikuwa na mengi usoni na hakujua lipi lionekane. Aliinua mguu.

"Yeye aingie," Vaileth alisema. "Wewe mama, kaa hapo."

Sabina akapita kwa ubavu. Komeo likarudi.

Eunike alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwa bati. Alisikia khanga ikitandikwa. Alisikia sauti ya Sabina, ya chini, isiyo na haraka: "Hapana, usimpelekee titi. Mlete yeye kwenye titi. Tumbo lake kwa tumbo lako, ngozi kwa ngozi. Ngoja afungue mdomo wote... bado... sasa." Kilio kilikatika, kikaanza, kikakatika. "Ameachia. Si kitu. Tena." Vaileth akasema kitu, na katikati ya maneno akalia, na Sabina akamwacha alie bila kumnyamazisha.

"Yatarudi?" Eunike alimsikia mwanawe akiuliza.

"Mara nyingi hurudi, mtoto akinyonya usiku na mchana. Hatumwachishi chupa kwa siku moja, ana njaa. Leo mchana tunapita kliniki apimwe, watuambie kiasi. Tutapunguza, na atakachopata kitakuwa kwa kikombe, na kwanza ni maziwa yako utakayokamua. Keshokutwa nakuja tena."

"Na yasiporudi?"

"Sijui. Tutaangalia pamoja."

Jua lilipanda mpaka kwenye magoti ya Eunike. Shangazi alikuwa ameondoka bila kuaga. Nosim alipasha supu upya, akamimina bakuli moja, akalileta, akalisimamisha kizingitini karibu na mkono wa Eunike, akarudi jikoni. Eunike hakuwa na hakika kama ni lake au la mwanawe. Hakuligusa.

Kisha Sabina akaita kutoka dirishani. "Mama Lekishon! Nitafutie kikombe kidogo, kile cha kahawa, ukichemshe dakika kumi."

Nosim alikimbia na urefu wake wote. Kikombe kilipokuwa tayari alikileta kikining'inia kwenye kijiko, kinatoa mvuke. Eunike alisogea pembeni kumpisha. Mlango ukafunguka, mkono wa Vaileth ukapokea, macho yakashuka kwenye bakuli la supu, ukalichukua na lenyewe. Kwa kitambo kidogo Eunike aliona ndani: ukingo wa kitanda, mguu mdogo ukipiga hewa.

Mlango ukafungwa. Safari hii hakusikia komeo. Alitazama lile bati muda mrefu, akijua kwamba angelisukuma lingekubali. Akajifunga khanga upya, akageuza mgongo, akakaa pale pale alipoambiwa akae.